Ayoni Ambazo Wekoye Hakutaka Kuzikata

Mimi si mtu wa subira. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nilimfundisha Wekoye kwa utakatifu wa moyo. Nilimfundisha kwa sababu bila yeye maabara yetu ingekufa, na lawama ningebeba mimi, Rahab Ngari, mwalimu wa kemia, ambaye hata kabla ya hapo nilikuwa na sifa ya kuwafokea watu.

Wekoye Mukhwana alikuwa mtu wa maabara katika shule ya wasichana niliyofundisha, nje kidogo ya mji wa Kitale, upande wa kwenda Endebess. Alikuja hapo mwaka 1992 kukata nyasi. Mzee Kemboi, aliyekuwa na funguo za maabara wakati huo, alikuwa akiumwa mgongo, akamwita amsaidie kubeba madumu ya asidi. Baada ya madumu akamwonyesha kuosha testi tyubu, kisha kupima kwa mizani, kisha kuchanganya na kuandika lebo. Kemboi alipostaafu, hakuna aliyejisumbua kutafuta mtu mwingine. Wekoye alilirithi koti la Kemboi, ambalo lilikuwa fupi kwake, na kazi ikaendelea kama kawaida.

Nilipohamishiwa pale mwaka 2001 nilimkuta anajua mambo ambayo mimi nilikaa chuo miaka minne na sikuyajua. Ukimwambia unataka lita mbili za asidi ya nguvu fulani kesho asubuhi, kesho asubuhi utaikuta mezani, na ukiipima utakuta ni ile ile uliyoitaka. Akisimama mlangoni tu alijua chupa ya amonia imelegea kifuniko. Wasichana walimwita Dakta wakidhani hasikii. Alikuwa anasikia, na hakukataa cheo.

Lakini karatasi hakuwa nayo. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya mwaka 1990 kwao Bungoma, akapata E ya kemia. Hakulificha jambo hilo. Alisema shule yao haikuwa hata na meza ya maabara, na kemia walifundishwa na mwalimu wa dini aliyewasomea daftari la mtu mwingine. Kwa hiyo huyu mtu alikuwa anatengeneza kemia kwa mikono kila siku ya Mungu, na kwenye cheti chake imeandikwa kwamba hajui kemia.

Januari ya 2005 bodi ya shule ikaamka. Waliandika barua kwamba kuanzia mwaka uliofuata, kila anayefanya kazi ya maabara lazima awe amesomea, au awe amepata nafasi ya kusomea. Na ili upate nafasi hiyo ilibidi uwe na angalau C ya kutoa, yaani C-, katika kemia. Asiye nayo atarudi kwenye nyasi, na nyasi nazo tayari zilikuwa na mtu wake. Mwalimu mkuu alimsomea Wekoye barua hiyo ofisini, akamwambia si yeye aliyeamua. Wekoye akaja maabara nayo mkononi, akaingoja saa ya chakula, wasichana walipotoka akaniuliza.

"Madam, hii kemia ya karatasi, unaweza kunifundisha?"

Nilimwambia Jumanne na Alhamisi saa ya chakula, na akichelewa nitakula chakula changu niondoke. Hakuchelewa hata mara moja. Alijiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi katika shule moja mjini Bungoma, kwa sababu hapa kwetu asingeweza kufanya mtihani ambao yeye mwenyewe ndiye huuandalia dawa.

Mambo mengi aliyashika haraka kuliko wasichana wangu. Hesabu za moli, zile zinazowatoa watu machozi, kwake zilikuwa ni kuandika kile alichokuwa akifanya tangu enzi za Kemboi. Rangi za ndimi za moto alizijua. Gesi alizijua kwa pua. Tulipofika kwenye milinganyo ya ayoni, zile chembe zenye chaji ya umeme, ndipo gari likakwama, na likakwama kweli kweli.

Kwa asiyejua, jambo lenyewe si kubwa. Una maji ya bariamu kloridi na maji ya sodiamu salfeti, yote mawili yanang'aa kama maji ya kunywa. Ukiyachanganya, papo hapo unapata kitu cheupe kizito kama uji. Bariamu imeshikana na salfeti, na mashapo yake yanatua chini. Sodiamu na kloridi ziliingia zikiogelea na zimebaki zikiogelea, hazikufanya lolote. Vitabu vinaziita watazamaji. Mtihani ukisema andika mlinganyo wa ayoni, unazikata zile ambazo hazikubadilika, kushoto na kulia, unabaki na hiki tu: Ba²⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄. Unaongeza herufi za kuonyesha kipi kimeyeyuka na kipi ni kigumu, maana ukizisahau unakatwa nusu alama. Basi, umemaliza.

Wekoye aliandika zote nne. Nikazikata mbili kwa kalamu nyekundu. Alhamisi akaandika tena zote nne. Nikamweleza upya, polepole, kwa sauti ile ninayoitumia nikiwa karibu kupasuka. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, nikampa swali lingine, la risasi nitrati na potasiamu iodidi, akaandika zote nne. Wasichana hukosea kwa kusahau chaji au kwa kuandika mbili mahali pa moja. Huyu hakuwa amesahau kitu. Alizijua zile za kukatwa, hata alizipigia mstari chini, kisha akaziacha.

Wiki ya tatu nilimwuliza kama ananichezea. Akaenda kuosha testi tyubu. Siku iliyofuata nilikuta juu ya meza yangu kisahani cha kioo chenye chembechembe nyeupe. Alikuwa amechanganya ile bariamu na salfeti, akachuja, akayachukua yale maji yaliyopita kwenye karatasi ya kuchujia, akayachemsha taratibu mpaka yakakauka.

"Madam, hii ni ile sodiamu na kloridi yenye ulikata," akasema. "Ulisema haiko. Si hii hapa?"

Nilimwambia sikusema haiko, nilisema haiandikwi. Akaniuliza tofauti ni gani. Nikamwambia tofauti ni alama mbili, na kazi yake. Nikamwonya pia asije akaionja hiyo chumvi, maana bariamu haina mzaha. Akasema hajaonja, yeye si mjinga, lakini chumvi ni chumvi, iko, ilikuwepo mwanzo na ipo mwisho, na aliipima yeye mwenyewe kwa mkono wake. Angeandikaje kana kwamba hakuiweka?

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hakuwa amekosea.

Mkaidi huyu nilikuja kumwelewa Aprili, shule zilipofungwa. Nilikuwa napeleka mbegu za viazi kwa shangazi yangu Webuye kwa pikapu ya baba, Wekoye akaomba nimpe lifti mpaka kwake Matulo, maana mkewe na mtoto waliishi huko shambani na yeye alikuwa akienda mwisho wa mwezi. Tulipofika, mkewe, Wilkista, hakutaka kusikia habari ya mimi kuondoka bila kula. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kwa kweli alikuwa anaongoza kwaya ya kanisa. Binti yao Emmy, aliyekuwa darasa la saba, alipewa kazi ya kunitafutia kiti kisichoyumba.

Nikakaa jikoni. Karibu na mlango kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu chini, limejazwa majivu ya maganda ya maharagwe, limewekwa juu ya sufuria. Wilkista akamimina maji juu ya yale majivu, akaacha. Maji yakadondoka chini tone kwa tone, ya rangi ya chai nyepesi. Mimi nililelewa Trans-Nzoia na wazazi waliotoka Nyeri, na kwetu mboga ngumu tulilainisha kwa magadi ya dukani. Nikamwuliza hicho ni nini. Akasema ni munyu, chumvi ya kienyeji, ya kupikia kunde na mrenda. Nikainama, nikataka kuyasogeza yale maji ya chini nipate nafasi ya kuweka mguu, akanishika mkono.

"Mwalimu, ukimwaga hiyo maji umemwaga mboga," akasema. "Yenye tunatupa ni hii ya juu."

Hapo ndipo taa ikaniwakia. Huyu mume wake alikuwa ameona kuchuja tangu akiwa anatambaa, na katika kuchuja kwao kile kigumu kinachobaki juu ni takataka, unakimwaga kwenye migomba. Kinachopita, kisichoonekana, ndicho kinachoingia kwenye chungu. Mimi nilikuwa namwambia atupe mboga, aandike majivu, apewe alama.

Nililisema hilo mezani, Wilkista akacheka mpaka akaweka sahani chini. Wekoye naye akacheka, ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka kwa sauti. Wilkista akaniambia nisimwonee huruma, ni mtu wa kubishana hata na redio, nimpige kalamu mpaka aandike wanavyotaka wenye mtihani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama atapita. Nikamwambia ubishi ukipungua atapita. Akasema, "Basi punguza wewe, mwalimu. Mimi nimeshindwa miaka kumi na tatu."

Niliondoka na chupa ya soda iliyojaa munyu, na ahadi kwamba nitaupunguza ule ubishi.

Tuliporudi muhula wa pili nilimfundisha tofauti. Nilimwambia mlinganyo wa ayoni si habari ya vilivyomo kwenye bika, ni habari ya kilichobadilika tu. Alifikiri sana. Siku nyingine alikubali, akaandika vizuri, kisha mwisho wa somo akarudi nyuma akaziongeza tena zile mbili pembeni, kwa herufi ndogo, ati zisipotee. Nilimwambia msahihishaji hatasoma pembeni. Akasema si za msahihishaji. Tulikuwa tunasonga, kwa kweli, lakini kwa mwendo wa jongoo, na mtihani ulikuwa Oktoba.

Wilkista alishikwa na homa Jumapili moja ya Juni, na Jumatano akafariki. Haikuchukua zaidi ya hapo. Tulimzika Jumamosi, hapo Matulo. Shule ilitoa basi, nami nikaenda na walimu wenzangu. Kwaya yake iliimba bila mtu wa kuiongoza na ikawa inapotea njia kila ubeti wa pili. Emmy alilia mpaka sauti ikakauka. Wekoye alikuwa anatafutia watu viti. Alinisalimia, akaniuliza kama nimepata chai, akaenda kumsogeza mzee mmoja kivulini. Nilidhani ni uvumilivu wa kiume, nikamheshimu kwa hilo.

Siku ya tatu baada ya mazishi wafiwa wakanyolewa nywele kama ilivyo desturi yao. Mwalimu mkuu alikuwa amempa Wekoye likizo ya wiki mbili. Alhamisi asubuhi nikamkuta maabara, kichwa kinang'aa, anapanga testi tyubu kwa ukubwa. Nikamwambia arudi nyumbani. Akasema nyumbani wako watu wengi. Saa ya chakula ikafika, akavuta kiti, akafungua daftari, akangoja.

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilifanya ninalolijua. Nilimpa maswali kumi ya milinganyo ya ayoni. Akayaandika yote bila kuinua kichwa, akanisukumia daftari. Yote kumi yalikuwa sawa. Watazamaji wamekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kushoto na kulia. Herufi za hali zipo. Pembeni hakuna kitu.

Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililotokea. Niliweka vema kumi za rangi nyekundu, nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia Wekoye ameshika, sasa atapita. Nilitembea nikijiona mwalimu hodari.

Julai yote ikaenda hivyo. Nilimpa ya fedha nitrati, ya risasi, ya asidi na besi, ya metali inayoisukuma nyingine nje. Zote sawa. Hakuuliza swali. Hakuleta kisahani mezani. Alikuwa akija, anaandika, anapata, anafunga daftari, anaosha mikono, anarudi kazini. Wasichana waliacha kumwita Dakta, sijui ni lini. Siku moja tu niligundua sijalisikia jina hilo kwa muda mrefu.

Mwisho wa mwezi huo nilimtega. Nilimpa sodiamu nitrati na potasiamu kloridi zichanganywe. Hizi ukizichanganya hakuna kinachotokea, maji yanabaki maji, ayoni zote nne zinaogelea. Ukianza kukata unakata kila kitu, unabaki na mshale mtupu. Wekoye ninayemjua mimi angepigania swali hilo wiki nzima. Angeyachemsha yale maji mpaka yakauke, angeniletea chumvi zote mezani na kuniuliza zinawezaje kuwa si kitu.

Alikata moja baada ya nyingine mpaka karatasi ikaisha vya kukata. Akaandika chini: hakuna mmenyuko. Akaweka kalamu.

Nikamwuliza, kwa ukali uliokuja wenyewe, "Na hizi zote zimeenda wapi?"

"Si ulisema zikatwe, madam."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeshukuru. Alisema kama mtu anayekusomea saa. Nikamtazama, na nikaona kwamba mtu niliyekuwa nikibishana naye tangu Januari hakuwepo tena kwenye kile kiti, na kwamba alikuwa ameondoka zamani, wiki sita zilizopita, wakati mimi nikimwekea vema.

Sasa nitasema kitu ambacho sijivunii. Ningeweza kufunga daftari siku hiyo, nikamwambia, Wekoye, twende tukae nje, nieleze habari za Mama Emmy. Nilifikiria kufanya hivyo. Kisha nikafikiria Oktoba, na bodi, na ile C ya kutoa, nikajiambia nisiguse mashine inayofanya kazi. Alikuwa anapata zote. Nikampa swali lingine.

Septemba, ilipofika ile barua ya siri inayotumwa kwa shule kueleza dawa zitakazohitajika katika mtihani wa vitendo, Wekoye alikwenda kwa mwalimu mkuu kabla sijaifungua, akamkabidhi funguo zote za maabara. Alisema yeye ni mtahiniwa, asionekane karibu na hapo mpaka mtihani uishe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ilibidi mimi mwenyewe nipime gramu za chumvi za wasichana sabini na wawili, na mgongo ukaniuma kama wa Kemboi. Yeye alikuwa nje akipaka rangi mawe ya kando ya njia, bila kuambiwa pia.

Alifanya mtihani Bungoma kwa wiki kadhaa, akilala kwa binamu yake. Aliporudi nikamwuliza ulikuwaje. Akasema ulikuwa sawa. Nikamwuliza ya ayoni ilikuwemo. Akasema ilikuwemo. Kisha akachukua ufagio.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Bodi ilikuwa imemvumilia mpaka hapo, na mwenyekiti alikuwa amesema wazi kwamba ana mtu mwenye cheti anayengoja mlangoni. Nikaomba ruhusa, nikachukua pikapu ya baba, nikampeleka Wekoye Bungoma mwenyewe, maana nilijua nikibaki Kitale nitawafokea watoto wa watu bure. Tukashika njia. Alinionyesha mahali mvua ilipochukua daraja dogo, nami nikasema naona.

Karani wa ile shule alimtafutia karatasi yake katikati ya nyingine, akampa. Tukasimama kwenye varanda. Wekoye aliisoma kuanzia juu kwenda chini, hakuruka. Kiingereza. Kiswahili. Hisabati. Alipofika kwenye kemia akaniwekea kidole nione. Ilikuwa C wastani. Ilikuwa imezidi ile waliyoitaka.

Nilipiga kelele. Nilimshika mabega nikamtikisa mbele ya karani na mbele ya vijana waliokuwa wanangoja karatasi zao. Nilimwambia kazi ni yake, mwenyekiti na mtu wake wa mlangoni watafute mlango mwingine. Yeye alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akamshukuru karani. Akanishukuru na mimi, kwa jina langu lote.

Nikamwambia, "Si ufurahi basi, Baba Emmy."

Akatazama uwanja. "Nilikuwa nangoja hii siku, madam. Tangu tumzike. Watu walilia, mimi sikulia, nikajiambia itatoka siku ya matokeo. Nikipita ama nianguke, siku hiyo itatoka. Sasa nimeona C na hakuna kitu inatoka."

Mwaka mzima nilikuwa na jibu la kila alichosema, na kalamu ya kukisahihisha. Pale nilimwambia twende kwenye gari.

Tulifika njia panda ya kuingia Matulo kama saa saba. Nikapunguza mwendo. Nikamwuliza kama tuingie amwonyeshe Emmy. Akasema Emmy saa hii yuko shule, asimsumbue, atamwambia akija mwisho wa mwezi. Ilikuwa tarehe tatu. Nikapita.

Sikufika mbali. Kilomita moja hivi mbele nikavuta pikapu kando ya barabara, karibu na shamba la miwa, nikazima injini, kwa sababu sikuwa naona vizuri. Nililia, mimi niliyekwenda pale kama dereva. Yeye alikaa, mikono juu ya magoti, akingoja nimalize. Nilipoweza kusema nilimwambia kwamba Julai nilimwona. Nilijua kuna kitu kimeharibika nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anapata zote, na mimi nilitaka apate zote.

"Najua, madam," akasema. "Hata mimi nilijua. Ilikuwa rahisi hivyo."

Lori la miwa likapita, pikapu ikatikisika. Akaitoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaitazama tena pale pa kemia, muda mrefu. Nilidhani sasa, labda sasa. Uso wake haukubadilika.

"Mimi sisikii kitu moyoni," akasema. "Lakini Emmy atasikia. Geuza gari."

Nikageuza.